DaVinci Resolve ya bure: nilivyourudisha uso wa bibi harusi

Mwezi uliopita nilirekodi harusi ya mchana hapa Tanga, chini ya turubai la bluu. Kamera mbili. Yangu niliifunga mizani ya rangi (white balance) kwenye 5600K, kipimo cha mwanga wa mchana, ya msaidizi wangu ikabaki otomatiki. Usiku nilipofungua klipu nilinyong'onyea. Kwenye kamera yangu bibi harusi ana ubluu wa turubai. Kwenye ile nyingine ni wa njano, mara kawa wa kijivu. Tena kila shela jeupe lilipojaa kwenye picha, kamera ilijipunguzia mwanga na uso wake ukazama gizani. Ni dada mweusi, ngozi inang'aa. Sikuwa tayari kumkabidhi video ya namna ile.

Kazi yote nimeifanya kwenye ukurasa wa Color, wa kurekebisha rangi, wa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo lisilolipiwa. Kinachonifanya niipende ni zile grafu zake. Macho saa saba za usiku yanadanganya, grafu haidanganyi. Kwenye Parade, grafu inayoonyesha kila rangi peke yake, nguo nyeupe inatakiwa isimame sawa kwa nyekundu, kijani na bluu. Bluu ilikuwa imepanda, nikaishusha kwa gurudumu la Gain, la sehemu zenye mwanga, mpaka zikalingana. Kwenye Vectorscope, grafu ya duara inayoonyesha rangi inaelekea wapi, kuna mstari wa ngozi, na hapo nilifurahi kweli: bibi harusi mweusi na shangazi yake mweupe wa Kiarabu, wote rangi zao ziliangukia karibu na mstari uleule. Weusi na weupe ni suala la mwanga. Rangi yenyewe ni jirani.

Mwanga unaopanda na kushuka ndani ya klipu moja ndio ulionila muda. Unaweka alama pale badiliko linapoanza na pale linapoishia, programu inajaza katikati. Sekunde 40 za kuvishana pete zilinichukua saa nzima. Kisha nikauzungushia uso duara la Power Window, likamfuata kila anapogeuka, nikampandishia mwanga yeye tu bila kuichoma nguo.

Kitufe cha Shot Match, cha kufananisha rangi za klipu moja na nyingine chenyewe, usikitegemee peke yake. Kinalinganisha picha nzima, hakijui kwamba uso ndio wenye harusi. Mimi nahifadhi picha moja niliyoridhika nayo kwenye Gallery, ghala la picha la programu, naiweka pembeni ya klipu ya kamera ya pili, naisawazisha kwa mkono.

Kompyuta iwe na nguvu: Blackmagic Design, watengenezaji wenyewe, wanataja RAM ya GB 16, na kadi ya picha nzuri ni lazima. Kusafisha chengachenga za usiku kumo kwenye Studio tu, toleo la kulipia, dola 295, unalipa mara moja. Klipu tatu za kumsindikiza bibi harusi gizani nimeziacha na chenga zake. Nikipata harusi mbili nyingine, naichukua hiyo Studio.