Jinzi nzuri, muuzaji hayupo: nilivyonunua baada ya hawa jamaa kupunguza maduka

Niseme mapema, suruali yenyewe sina ugomvi nayo, nimeivaa hapa naandika. Ugomvi wangu ni njia iliyopita mpaka ikanifikia, na ndo maana safari hii siwapi nyota tano kama zamani.

Jina la brandi silitaji. Ni wadogo, sidhani hata ofisini wanafika kumi, nikiwataja watu wataenda kuwamiminia matusi bure. Wanashona jinzi za kitambaa kizito cha aunsi 14 kwa yadi ya mraba, kile kinachofumwa na mashine za shato za kizamani, zile ambazo kidude kinaupeleka uzi huku na huku, ukikunja pindo la mguu unaona ukingo mweupe una uzi mwekundu umepita. Mi ni mteja wao miaka sita sasa, hii ni suruali ya nne.

Zile tatu za mwanzo nilichukulia dukani kwa dada mmoja ambaye ukiingia anakuangalia kiuno kabla hajakuangalia uso. Siku ya kwanza nikamwambia mi navaa 32, akacheka, "Kaka, saizi za hawa watu ni kubwa, chukua 31, itakubana wiki mbili alafu itakubali yenyewe." Nikabisha, si najijua bana, nikachukua 32. Mwezi haukuisha natembea nimeshika mkanda kama mtoto aliyerithi kaptula ya kaka yake. Zilizofuata zote nikachukua 31 na wala sikuuliza.

Sasa mwaka jana ikaja imeili. Wanapunguza maduka wanayoyauzia, kutoka 24 yanabaki manne, wengine wote tununue kwenye saiti yao. Wameandika "changamoto za ugavi" mara tatu kwenye aya mbili, na hawajasema changamoto gani. Nilikasirika kiasi, ila nikakaa nikapiga hesabu na kiukweli ukishapiga hesabu unawaelewa, hata kama hutaki.

Iko hivi. Mashine ya shato inatoa kitambaa chembamba, upana kama sentimita 75 hadi 80, wakati mashine za kisasa zinatoa mita moja na nusu na zaidi. Kwa hiyo suruali moja inakula karibu mita tatu za urefu. Chukulia kiwanda kimewapa mita 1,000 tu badala ya walizoomba, hapo unapata suruali 360 hivi. Gawa kwa maduka 24, kila duka linapata 15. Na saizi kuanzia 28 mpaka 38 ziko kama tisa, maana yake duka halipati hata mbili mbili za kila saizi. Mteja anaingia, saizi yake haipo, anaondoka, duka linabaki na 28 na 38 zinakula vumbi, msimu ujao mwenye duka haagizi tena au anaomba punguzo. Sasa weka maduka manne, nusu ya mzigo ubaki kwenye saiti, kila duka linapata 45, tano tano kila saizi. Hapo duka linaonekana duka.

Alafu kuna hela. Duka huwa linachukua mzigo kwa karibu nusu ya bei iliyo kwenye lebo, nusu nyingine ndo kodi ya fremu, mishahara, umeme na faida yake. Na duka mara nyingi linalipa baada ya siku 30 au 60, wakati kiwanda kinataka amana kabla hakijagusa uzi. Ukiwa na suruali 5,000 hiyo nusu unaipa mkono wa kwaheri huku unatabasamu, ukiwa na 360 kwa msimu mzima kila moja unayouza mwenyewe ni sawa na mbili ulizotoa kwa jumla. Ningekuwa mimi pia ningekata.

Na kitambaa chenyewe kweli ni shida, hawadanganyi. Marekani kule Greensboro, North Carolina, kulikuwa na kiwanda cha White Oak cha Cone Mills, kimeanza 1905, ndo hao walikuwa wanawafumia Levi's tangu enzi za mababu, kikafungwa mwisho wa 2017. Brandi nyingi ndogo zilikuwa zinaninginia pale, zikaenda kupanga foleni Japani, upande wa Okayama na Hiroshima, na huko mashine ni zilezile za miaka mingi, hakuna anayetengeneza mpya, ikiharibika wanachomoa spea kwenye nyingine iliyokufa. Foleni ya hivyo mdogo ndo anasubiri nyuma. Hizi zangu zinafumwa Japani zinashonwa Ureno, kwa hiyo kitambaa kinapanda meli, na meli tunazijua, 2021 meli ya Ever Given ikalala mfereji wa Suez siku sita dunia nzima ikasimama, mwisho wa 2023 zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu nyingi zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hapo ongeza siku kumi na ushee baharini. Na usidhani ni kitambaa tu. Suruali 300 zinaweza kuwa zimeshonwa zote zimepangwa mezani zinasubiri vifungo. Yangu nadhani ilipitia hayo, maana vifungo vya zamani vilikuwa vya shaba vina nembo yao, hivi vipya ni vya kijivu, viko tupu, na hakuna aliyesema neno.

Basi nimeshawatetea vya kutosha, sasa zamu yangu.

Nimeingia kwenye saiti, 31 ipo, chati ya saizi inasema kiuno sentimita 84, mguu wa ndani 86. Ndo vipimo vya suruali zangu za zamani kabisa, nikalipa. Mzigo ukachukua wiki tano, sawa, waliandika wiki tatu lakini tusigombane. Nikafungua, harufu ya nili puani, mikono ya bluu, raha. Navaa, inagoma pajani, kifungo cha juu hakifiki. Nikajua nimenenepa, nikanyamaza siku mbili nakula kwa aibu. Siku ya tatu nikachukua futikamba, nikailaza mezani, nikaweka mikanda miwili ya kiuno ilingane juu kwa juu, nikapima nikazidisha mara mbili. 81. Nikapima ya zamani, 84. Nikapima tena maana sijiamini na hesabu, 81. Sentimita tatu kwenye kiuno sio mchezo, ni saizi nzima na kitu.

Nikaandika imeili. Siku tisa kimya. Siku ya kumi nikajibiwa kwa heshima sana kwamba msimu huu kitambaa ni cha kiwanda kingine "chenye tabia tofauti kidogo", kubadilisha haiwezekani kwa sababu 32 zimeisha, ila naweza kurudisha nirudishiwe hela, gharama ya kutuma juu yangu. Yaani mlijua kitambaa kimebadilika, chati mkaiacha ileile. Hapa ndo nilipomkumbuka yule dada. Angekuwepo angeishika tu hiyo suruali akasema kaka hii ya safari hii chukua 32, mambo yangeishia hapo, bila imeili, bila posta.

Sikurudisha. Uvivu, na pia rangi nilishaipenda. Nikalala nayo, nikakaa nayo, nikachuchumaa nayo jikoni kama naota moto, kiuno kikaachia kidogo kidogo mpaka wiki ya tatu nikaweza kupumua. Alafu nikafua, maji ya baridi, nikaianika imegeuzwa ndani nje kama siku zote. Mguu wa ndani ukatoka 86 ukaenda 81, na kiuno kikarudi kubana nikaanza upya. Kitambaa kilichobanwa vizuri kiwandani, yaani kimesinyazwa kabisa kabla hakijashonwa, ile kazi ya sanforaizi iliyopewa hataza 1930, hakitakiwi kusinyaa zaidi ya asilimia 1 hadi 3. Kisichobanwa kinaweza kufika hata 10. Mguu wangu umeenda karibu 6, kwa hiyo ama hakikubanwa vizuri ama kimebanwa nusunusu, na kwenye saiti wameandika ni kile kilichobanwa. Matokeo yake ule ukingo mwekundu ambao ndo watu wanaununulia hizi jinzi siuoni tena, nikikunja pindo nabaki na suruali ya kuvukia mafuriko.

Ushonaji lakini, hapo nawavulia kofia. Msamba wameupitisha mshono mara mbili ndani wakaukunja, hakuna ncha ya uzi inayoning'inia popote. Vitanzi vya mkanda vimeinuka katikati kama vinavyotakiwa, vitachuja rangi vizuri mbele ya safari. Mfuko wa ndani ni pamba nzito, sio ile karatasi unayowekea funguo leo kesho zinapita mpaka kwenye kiatu. Na rangi, jamani rangi, baada ya miezi minne nyuma ya magoti pameanza kutoa zile mistari nyembamba, safi kuliko suruali zote tatu za kwanza. Inawezekana hiki kiwanda kipya kinafuma vizuri kuliko cha zamani, sikatai. Ila mngesema.

Nilipita kwa yule dada pia. Duka lake halimo kwenye yale manne. Anasema msimu wa mwisho aliagiza mzigo, ukaja nusu, jaketi zimekuja suruali hazijaja, na habari ya kukatwa aliipata kwa imeili siku ileile tuliyoipata sisi wateja, akaanza kuulizwa na watu mlangoni kabla hajamaliza kuisoma. "Mi niliwauza wakati hakuna anayewajua, kaka, hata kunipigia simu?" Nikamuuliza zimebaki ngapi, akanionyesha rafu, 28 na 38 tupu. Yale niliyopiga kwenye hesabu nikayaona kwa macho. Sasa anauza brandi nyingine, akanishikisha suruali zao, nzuri nzuri tu.

Kwa hiyo kama unataka kununua kwa hawa jamaa au wadogo wenzao waliohamia mtandaoni, usiamini chati. Waandikie kwanza, waambie wapime ile suruali yenyewe iliyopo stoo, kiuno na mguu, wakikataa achana nao. Waulize kitambaa ni cha kiwanda kilekile cha msimu uliopita au kimebadilika, na ukifua mguu unapungua sentimita ngapi. Linganisha na suruali yako inayokutosha ukiwa umeilaza mezani, usijipime mwilini, tumbo linadanganya. Na nunua mzigo ukiwa ndo umeingia, sio mwishoni, maana ukikosea saizi ikiwa imeisha basi hiyo ni yako. Kama moja ya yale maduka manne unaweza kufika, nenda hata kama ni mbali.

Nyota: suruali nne na nusu, huduma mbili, na ya pili nimeiweka kwa sababu jibu lilikuwa na adabu.

Nyongeza, juzi nimeingia kwenye saiti nikaona chati wamebadilisha, 31 sasa wameandika kiuno 81. Ile imeili yangu ya pili, niliyowauliza kuhusu mguu kusinyaa, bado hawajaijibu.