Lichess: inafundisha vizuri kula kete, lakini je, inafundisha kuacha?

Lichess, tovuti na programu ya kucheza na kujifunza sataranji, ni ya bure, haina matangazo, na tangu Thibault Duplessis alipoianzisha mwaka 2010 hakuna somo lililofungiwa nyuma ya malipo. Kwa mwanafunzi wa Katwe au Mbale, Uganda, anayehesabu bando, hilo peke yake linatosha kuipakua. Swali letu ni jingine: inamfundisha mchezaji wa sataranji lini ale, lini abadilishane kete, na lini aache?

Kwenye kula, iko imara. Mafumbo yake yamepangwa kwa mada. Anza na kete isiyolindwa, kisha nenda kwenye kumla mlinzi. Kila mara hesabu kabla ya kugusa: wangapi wanashambulia, wangapi wanalinda, nani anatangulia. Farasi wako wa f3 na ngome yako ya e1 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo) wakimlenga askari wa mpinzani wa e5 anayelindwa na farasi wa c6 peke yake, kula. Farasi wako anakula, wake anarudisha, ngome inamaliza, nawe umezidi askari mmoja. Akiongezeka askari wa d6 kulinda, acha, maana utatoa farasi wa pointi 3 kwa askari wa pointi 1. Programu ya simu huhifadhi mafumbo kadhaa, hivyo unaweza kufanya zoezi hili ndani ya taksi bila intaneti.

Tatizo ni kwamba kila fumbo lina jibu. Ukifanya mengi ya aina moja, unaketi mezani ukiamini lazima kuna cha kula, na mchezo wa kweli haukuambii wakati umefika. Changanya na mada za hatua tulivu, zisizokula kete, na za kujilinda, au chagua mafumbo mseto ambayo mada yake haionekani mpaka umalize.

Sehemu bora kuliko zote ni uchambuzi baada ya mchezo. Omba kompyuta ichambue, kisha ingia kwenye zoezi la kujifunza kutokana na makosa: linakurudisha kwenye kila hatua mbovu na kukutaka utafute iliyo bora. Kasoro yake ni kwamba Stockfish, programu inayofanya uchambuzi huo, inatoa namba ya nani anaongoza bila kusema sababu. Chukua kosa linalopendwa sana kwenye meza za shule: farasi mweupe wa g5 anakula askari wa f7, ngome nyeusi inamla, askofu wa c4 anaila ngome, mfalme anamla askofu. Kwa pointi ni sare, 6 kwa 6: farasi 3 na askofu 3, kwa ngome 5 na askari 1. Namba ya mashine lakini kwa kawaida inaegemea Nyeusi, na mtoto haelewi kwa nini. Mwalimu ndiye amwambie: mapema hivi, farasi na askofu walikuwa tayari kazini, wakati ngome uliyobaki nayo haina hata njia wazi ya kupita, na mfalme aliyetolewa atarudi g8 salama.

Kihariri cha ubao, pale unapopanga kete utakavyo, nacho wengi hawakigusi, na ni hasara kubwa. Kabla ya kubadilishana ngome za mwisho, lazima ujue nani atakuwa na zamu baada ya hapo. Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya Nyeusi, Nyeupe anashinda: mfalme mweusi akienda d7, wewe nenda f6. Zamu ikiwa ya Nyeupe, ni sare. Cheza pande zote mbili dhidi ya mashine kiwango cha 8. Ukiwa Nyeusi, itakuja d5, nawe d7. Askari e5, nawe e7. Askari e6, na hapo rudi e8 moja kwa moja. Ukirudi d8 au f8, umepoteza.