Domeini ya duka lako: ununue ipi, na iandikwe kwa jina la nani

Meseji za mwezi huu zimenikera. Mama mmoja wa Ngamiani, muuza udi na marashi, kaniandikia: "Dada, kijana aliyenitengenezea tovuti anadai laki tano, la sivyo anaizima." Nikamuuliza domeini, yaani lile jina la anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani. Hajui. Nikamwambia aingie kwenye akaunti aangalie. Akanijibu kwamba akaunti ni ya kijana. Na si yeye peke yake. Yupo wa vikapu vya mkonge, yupo kaka wa Muheza anayepeleka machungwa Dar, kisa ni kilekile, fundi tu ndiye tofauti.

Kwa hiyo hapa sitakuhubiria kwamba jina liwe fupi na litamkike. Mpigie simu mteja wa Mwanza, mtamkie jina, mwambie aliandike akutumie. Akikosea, tafuta jingine. Basi, tumemaliza hilo.

Kinachonikosesha usingizi ni mmiliki. Kila domeini inaposajiliwa huandikwa mwenye mali, na barua pepe yake, na simu yake. Huyo aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Aliyetoa pesa hahesabiki, wala mwenye duka. Umenunua kiwanja Pongwe, hati imetoka kwa jina la dalali: ndicho ulichofanya. Ujumbe wa kukumbusha malipo unamfikia yeye, msimbo wa kuhamisha domeini anapewa yeye, na akitaka kulielekeza jina lako kwenye tovuti ya mshindani wako ni kubofya tu.

Wengi hujipa moyo kwa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti kizuri, kiweke ukutani, lakini kusajili jina la biashara BRELA hakukupi domeini. Ni milango miwili. Ukitaka kumng'oa mtu kwenye .com, upo utaratibu wa tangu 1999 wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani. Ukipeleka shauri WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, ada inaanzia dola 1,500, na sharti uonyeshe una haki ya alama ya biashara, tena kwamba mwenzio kaisajili kwa nia mbaya. Utauza vichupa vingapi vya marashi mpaka zitimie hizo?

Fungua akaunti mwenyewe, kwa jina lako, hata kama fundi amekaa pembeni anakuelekeza. Fundi anachohitaji ni domeini ielekezwe kwenye seva yake, kompyuta inayohifadhi tovuti, na hilo halidai awe mmiliki. Na barua pepe ya usajili, tafadhali, isiwe ile ya domeini hiyohiyo. Watu hupenda kuweka info@ jina la duka kwa sababu inapendeza. Siku domeini ikiisha muda, barua pepe nayo inakufa; ukiomba kubadili neno la siri, kiungo kinatumwa kwenye sanduku lilelile lililokufa. Weka Gmail yako ya kila siku.

Sasa ipi ununue.

Ya kwanza ni .co.tz, na sifichi upendeleo wangu. Usajili wa .tz uko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mawakala wapo hapahapa nchini, unalipa shilingi kwa simu, na likiharibika jambo unaongea na mtu kwa Kiswahili. Mteja wa Korogwe akiona .co.tz anajua duka liko nyumbani, hana haja ya kuuliza mzigo unatoka wapi. Jina lililokwishachukuliwa kwenye .com mara nyingi huku bado liko wazi. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya mawakala wanaisajili kwa jina lao kisha wanakupa risiti tu. Uliza kabla hujatuma pesa: naingia wapi nione jina langu kwenye nafasi ya mmiliki? Akijibu "usijali", nenda kwa mwingine.

Ya pili, .com, kama wateja wako wako nje: wa viungo vya Amani, wa nyumba za wageni Pangani. Majina yamebanwa, watu wanayasajili tangu 1985. Nikinunua .com napenda kampuni ya Cloudflare, kwa kuwa wanauza kwa bei wanayonunulia, bila faida juu. Sharti utumie seva zao za majina, zile zinazoelekeza domeini kwenye tovuti, na uwe na kadi. Usitegemee kutazama rekodi ya umma ukaona kama ni yako: tangu 2018 majina ya wamiliki wengi wa .com yamefichwa. Ingia ndani ya akaunti. Na ukichelewa kulipia hadi ikafutwa, una siku 30 za kuikomboa, kwa ada nene juu ya ile ya kawaida.

Ya tatu .africa, iliyofunguliwa 2017. Inapendeza kwenye kadi ya biashara. Mteja ataongeza .com mwishoni kwa mazoea, jiandae.

Hizi .xyz, .online na .shop mara nyingi ni bei ya kutupa mwaka wa kwanza. Soma bei ya mwaka wa pili kabla hujashangilia. Za bure kama .tk zisahau, Freenom waliokuwa wakizigawa walisimamisha usajili mpya 2023.

Na hii bei ya mjini inatoka wapi? Bei ya jumla ya .com, ile ambayo Verisign, kampuni inayoendesha .com, huwatoza wauzaji, ilipanda Septemba 2024 ikafika dola 10.26. Ni elfu ishirini na ushee. Halafu mtu anakutoza laki na nusu kwa mwaka, ukiuliza anasema "dola imepanda, mama". Wabaya zaidi ni wale wa kifurushi cha tovuti na "domeini bure". Ya bure ndiyo iliyoandikwa jina lake! Anakupa kwa mkono mmoja, mwakani anakuja kukuuzia upya.

Kama ni .com na muuzaji anakuzungusha, kanuni za ICANN zinamtaka atoe msimbo wa kuhamisha ndani ya siku 5 tangu aombwe. Lakini aombwe na aliyeandikwa mmiliki.