Kundi lenye mashine sifuri: yaliyonikuta na huduma ya kubandika viraka kwa makundi

Nimeanza kuandika haya mara mbili nikafuta, maana mara zote mbili yalitoka matusi matupu. Leo angalau naweza kuyasema kwa mpangilio.

Kazi yangu ni kutunza seva za kampuni inayouza tiketi za mabasi ya mikoani, hapa Dar. Mashine 61, zote ziko kwenye wingu la kukodi. Mwanzoni viraka, yaani masasisho ya kuziba kasoro za programu, nilikuwa nabandika kwa mkono: naingia mashine hii, nasasisha, natoka, naingia nyingine, usiku mzima, halafu asubuhi sikumbuki kama ile ya 40 niliimaliza au niliiruka. Wakala aliyetuuzia wingu ndiye aliyenionyesha huduma ya makundi. Unatunga kanuni zako: kiraka gani kipite, kipite baada ya siku ngapi. Unazipa mashine lebo yenye jina la kundi. Kisha kwenye mstari wa amri unaandika amri moja tu ya kulifunga kundi na zile kanuni. Nilifurahi. Sisemi uongo, ile wiki ya kwanza nilimwita kila mtu ofisini aje aone.

Sasa sikilizeni.

Tarehe 1 Julai 2024 watafiti wa Qualys wakatangaza ufa ndani ya OpenSSH, wakauita regreSSHion. OpenSSH ndiyo mlango ambao sisi wote wenye seva za Linux tunaingilia. Kosa lenyewe liliwahi kuzibwa mwaka 2006, likarudi bila mtu kujua kuanzia toleo la 8.5p1, na maana yake ni kwamba mtu asiye na akaunti wala nywila, akivizia kwa subira, anaweza kuishika mashine yote kama mwenye nyumba. Katika majaribio yao walifanikiwa kwenye mashine za biti 32, kwa wastani wa saa 6 hadi 8 za kugongagonga. Zangu ni za biti 64. Hilo lilinipa pumzi, usingizi halikunipa. Mashine zangu 23 za mbele, zile zinazopokea wateja, zote zilikuwa na mfumo endeshi wa Rocky Linux 9, ambao umo kwenye orodha ya zilizoguswa. Na zilikuwa siku za kuelekea Sabasaba, watu wanasafiri, shule zinafunguliwa. Huzimi mauzo ya tiketi wakati kama huo.

Kiraka kilipotoka sikukaa. Nikatunga kanuni mpya za dharura: kiraka cha usalama kipite siku ileile, bila kungoja. Nikaandika amri ya kulifunga kundi la mbele na kanuni hizo. Jibu likaja papo hapo, safi, namba ya kanuni na jina la kundi. Nikaamuru ukaguzi. Mashine zote 23 zimetimiza masharti, kiraka kinachokosekana: hakuna. Nikapiga simu kwa bosi nikamwambia tumeshapona. Nikaenda kulala.

Siku mbili baadaye, au tatu, kijana wetu wa mafunzo akaja mezani kwangu na uso wa mtu aliyevunja kikombe cha mgeni. "Dada, samahani, mbona hii mashine bado ina OpenSSH ya zamani?" Nikamwambia usiangalie toleo, Rocky hawabadilishi namba ya mbele, wanarekebisha kosa na kuliacha toleo palepale kwenye 8.7p1, angalia tarakimu za mkiani. Akasema ameangalia za mkiani. Nikaandika mwenyewe rpm -q, amri inayoonyesha toleo lililomo kwenye mashine. Alikuwa sahihi. Nikaenda ya pili, ya tatu. Zote 23. Hakuna hata moja iliyokuwa imebandikwa kitu.

Mikono ilinitetemeka, na sioni haya kusema.

Sababu ni herufi. Herufi moja! Lebo kwenye mashine zilikuwa zimeandikwa "Mbele" kwa M kubwa. Mimi kwenye amri niliandika "mbele". Kwa mfumo huu hayo ni makundi mawili tofauti. Kwa hiyo lile kundi langu jipya lilifungwa vizuri kabisa na kanuni za dharura, likiwa halina mashine hata moja ndani yake, na mashine zangu halisi, zikiwa hazina kanuni, zikaangukia kanuni za chaguo-msingi, yaani zile zinazotumika usipoweka zako, ambazo zinasema kiraka kingoje siku 7. Na hapa ndipo penye uchungu: kiraka ambacho bado hakijaruhusiwa hakihesabiwi kuwa kinakosekana. Ndiyo maana ripoti ilikuwa ya kijani. Mashine iko wazi kwa wiki nzima, na mfumo unakuapia kwamba imetimiza.

Nikampigia wakala. Nilitaka tu nisaidiwe, sikutaka ugomvi.

"Dada, mfumo hauna shida. Wewe ndiye uliyekosea kuandika."

"Sikatai, kaka. Ila kwa nini mfumo ulikubali? Kwa nini haukuniambia kundi hili ni tupu?"

"Imeandikwa kwenye mwongozo. Ninyi shida yenu hamsomi." Akacheka. Nilimsikia akicheka, na nyuma yake kuna mwenzake naye anacheka.

Nimeusoma mwongozo. Ipo, sentensi moja. Lakini jambo lililonichoma zaidi nililigundua nilipokuwa nausoma: kuna amri nyingine inayokupa hali ya kundi, na jambo la kwanza inalokuonyesha ni idadi ya mashine zilizomo. Nikaiendesha kwa lile jina la herufi ndogo. Sifuri. Yaani mfumo ulikuwa unajua tangu usiku ule! Sifuri ilikuwa imekaa mle ndani ikisubiri niiulize kwa jina lake, na mimi nilikuwa nimelala.

Kwa hiyo ushauri wangu ni msiitumie, tafuteni kitu kingine.

Hapana, subirini, sitaki kudhulumu. Nikishasahihisha ile herufi, nilitoa amri moja tu. Nikaagiza zishughulikiwe asilimia 10 kwa zamu, na zikikwama mbili kazi isimame. Mashine zote 23 zilikuwa zimezibwa kabla chai yangu haijapoa, na hakuna abiria hata mmoja wa Mwanza au Songea aliyejua kuna kitu kimefanyika. Kwa mkono ningekesha, tena ningekosea mahali. Nikiwa mkweli, sijui kitu kingine kinachonifanyia hivyo kwa urahisi huu, na ndiyo maana bado nakitumia. Nilitaka kukipa alama nne.

Ila kuna ile ripoti. Bosi alishaichapa na kuipeleka kwenye benki inayotupitishia malipo, ikiwa na jina langu chini, kwamba mimi nathibitisha mashine zote ziko salama. Nililazimika kwenda mwenyewe, nikakaa mbele ya mama mmoja wa idara ya ukaguzi, mtu mzima mwenye heshima zake, nikamwambia, "Shikamoo mama, karatasi niliyosaini haikuwa kweli." Alinisikiliza, hakunifokea. Aliandika tu. Nilitoka pale nikasimama kwenye ngazi sijui niende wapi. Miaka yote hii sijawahi kusaini uongo. Na mpaka leo nikifungua kumbukumbu za zile siku, bado ziko kijani.

Alama moja. Hiyo moja ni ya kasi.

Anayeitumia huduma ya namna hii, baada ya kila amri ya kulifunga kundi aendeshe ile ya hali ya kundi na aangalie idadi ya mashine kabla ya kuangalia kingine chochote. Mimi sasa naiendesha kila usiku. Kundi la mbele lazima lisome 23. Jana limesoma 22, naandika haya huku naitafuta hiyo moja. Wakala nimemwandikia tangu asubuhi, hajajibu.