Kanisa la Kilutheri la mtaani kwetu, Lubumbashi: huduma zake kwa wasio waamini wake

Hapa Lubumbashi, mtu akiambiwa kwamba kanisa fulani linahudumia jamii, mara nyingi hufikiria magunia ya unga yanayogawiwa wakati wa Noeli. Parokia ya Kilutheri iliyo jirani na mtaa wetu hugawa unga pia, lakini huduma yake iliyo bora kuliko zote haimpi mtu kitu cha bure hata kidogo. Ninaitathmini kama jirani ambaye si mwamini wake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Kongo lina makao makuu yake hapa hapa mjini na ni mwanachama wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, ila kwa wingi wa waamini halifikii Wakatoliki wala Wamethodisti wa Katanga, na ndiyo sababu watu wengi hupita mbele ya lango lake bila kujua kwamba wanaruhusiwa kuingia.

Huduma ninayoisema ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo kila mtu huviita AVEC, kifupi cha jina lake la Kifaransa, «Association villageoise d'épargne et de crédit». Kikundi kimoja huwa na watu kati ya 15 na 25, wengi wao akina mama wanaouza makala (mkaa), mboga, unga na samaki wakavu katika Soko la Kenya, hapa hapa mjini, au mbele ya nyumba zao. Kila juma hukutana katika ukumbi wa parokia, na kila mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa bei ambayo kikundi chenyewe kilipanga mwanzoni mwa mzunguko, yaani kipindi cha kuweka akiba mpaka siku ya kugawana. Hisa hugongwa muhuri katika kidaftari chake, mbele ya macho ya wote, ili hata mama asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake na kujua anacho kiasi gani. Anayehitaji mkopo huomba mbele ya wenzake, hueleza atakachofanya nao, na hawezi kupewa zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Riba inayolipwa haiendi kanisani wala kwa mchungaji; inarudi ndani ya kisanduku na kugawiwa pamoja na akiba mzunguko unapofungwa. Pembeni kuna mfuko mdogo wa mshikamano kwa ajili ya ugonjwa na kilio, na huo hautozwi riba.

Kwa mtu ambaye njia yake nyingine ya kupata mtaji wa haraka ni wale wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa «banque Lambert», ambao riba yao huweza kumla mtu mpaka auze friji yake, tofauti ni kubwa mno. Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba mzunguko hufungwa mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na sare na madaftari hayajawahi kuwa bure kwa yeyote. Pesa inayomfikia mzazi wakati huo ina kazi yake tayari.

Kisanduku chenyewe ni cha chuma na kina kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na hakuna hata mmoja wao anayelaza kisanduku nyumbani kwake. Utaratibu huu haukubuniwa na Walutheri, kwani ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, lakini unakaa vizuri sana katika nyumba yao. Mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig huko Saxony, Ujerumani, waamini walikubaliana kuwa na sanduku la pamoja la kusaidia yatima, wazee na maskini, kuendesha shule na kuwakopesha mafundi waliokwama, na Martin Luther mwenyewe aliandika dibaji ya kanuni zake. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne, na funguo ziligawanywa kati ya makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini, ili kundi moja lisiweze kulifungua peke yake. Ninaona fahari kwamba wauza makala wa Lubumbashi wanalinda pesa zao kwa busara ile ile, na ningependa parokia iwaeleze wanachama historia hiyo, kwa maana ni yao pia.

Kasoro ya AVEC ipo, nayo si ndogo. Hisa zinanunuliwa kwa faranga za Kongo, ilhali kodi ya nyumba, dhamana ya mwenye nyumba na ada za shule nyingi mjini hutajwa kwa dola. Faranga inaposhuka katikati ya mzunguko, akiba ya mama hupungua nguvu ndani ya kisanduku kilichofungwa barabara. Vikundi viwili vya akiba vilivyo nje ya parokia, ambavyo ninavifahamu, vimeamua kuweka akiba kwa dola pale wanachama wanapomudu. Uongozi wa parokia ungefaa kuwawekea wanachama swali hilo mezani mapema, kabla bei ya hisa haijapangwa.

Masomo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima ndiyo yanayofuata kwa ubora. Hufanyika alasiri, baada ya soko, na huanza kwa Kiswahili kabla ya kuingia Kifaransa. Uamuzi huo ni sahihi kabisa. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini shule nyingi za watu wazima bado humtupa mwanafunzi moja kwa moja katika Kifaransa, naye huacha kabla hajaweza kusoma jina la mtaa wake. Hapa mama hujifunza kwanza kusoma kidaftari chake cha AVEC, tangazo la zahanati na ujumbe wa simu unaomweleza kwamba pesa imeingia. Kifaransa huja baadaye, akiwa tayari anajua kwamba anaweza. Walimu ni waamini wanaojitolea, na ni wavumilivu sana. Vitabu ni vichache na vimechakaa, na hilo ndilo la kwanza ambalo mfadhili yeyote angelirekebisha.

Mvua zinapoanza, vijana wa parokia hupita nyumba kwa nyumba kufundisha namna ya kujikinga na kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika mitaa inayoteka maji kwenye visima vya uani vilivyo karibu na vyoo. Wanaonyesha jinsi ya kutia dawa ya klorini ndani ya maji ya kunywa na jinsi ya kutengeneza maji ya kumnywesha mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitalini: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wanafundisha vizuri, kwa vitendo.

Karakana ya ushonaji ya wasichana siwezi kuisifu kwa sasa. Mashine ni chache kuliko wanafunzi, umeme hukatika, na mashine za kukanyaga kwa mguu, ambazo zingeokoa hali, zimesimama zikingoja vipuri. Msichana anayemaliza anajua kushona, lakini hajafundishwa kupanga bei wala kutunza hesabu, ingawa ukumbi huo huo una akina mama wa AVEC wanaozijua hesabu hizo kwa moyo. Ni jambo linaloweza kutengenezwa bila pesa yoyote. Ugawaji wa unga wa Noeli nao hufanyika bila orodha iliyobandikwa hadharani, hivyo wajane wasio na jamaa ndani ya parokia hufika wakiwa wamechelewa.

Matangazo karibu yote hutolewa baada ya ibada ya Jumapili, mahali ambapo jirani Mkatoliki au Mwislamu hayupo, ingawa mlango uko wazi kwake na nimewaona akina mama wa dini zote wakipokewa kwa heshima ile ile. Anayependa kujiunga na AVEC aende mwishoni mwa mwezi wa nane, wakati vikundi vipya vinapoundwa, kwa sababu katikati ya mzunguko hapokewi mtu. Aombe kuonana na mama anayesimamia huduma za jamii badala ya kungoja ofisi ya mchungaji, aulize bei ya hisa na siku ya mkutano, na asikubali kuingia kabla ya kusomewa kanuni za kikundi zote, pamoja na faini ya kuchelewa. Masomo ya kusoma humpokea mtu wakati wowote, na hayalipiwi.