Fito za mwerezi za kujengea kayaki: mbao safi, ufungaji ovyo

Kuna duka la mbao hapa Tacoma, jimbo la Washington, ambako huwa nanunua mwerezi mwekundu wa kujengea kayaki, ile mitumbwi myembamba yenye sitaha. Ushauri wangu: nenda mwenyewe, usiagize uletewe. Mbao zao nazipa tano kwa tano. Ufungaji haustahili hata mbili.

Fito zao zina unene wa milimita 6 na upana wa 19, kingo zimeshachongwa: mmoja una mfereji, wa pili umeviringwa ili uingie kwenye mfereji wa ufito wa jirani. Midomo ya ule mfereji ni myembamba, ukiibonyeza kwa kucha inabonyea. Sasa wao wamefunga mzigo kwa mkanda wa plastiki uliokazwa kweli kweli, bila hata kipande cha boksi, na kila ulipopita mkanda mdomo umemeguka. Walinibadilishia bila maneno mengi, shukrani kwa hilo, lakini mafuta ya gari ni yangu.

Tuje kwenye mbao zenyewe. Huu ni mwerezi wa pwani ya Pasifiki, Thuja plicata, si ule mtarakwa wa nguzo za ua kwetu Kinangop. Ukikauka, mita moja ya ujazo ina kilo 370 hivi, ni mwepesi, ndiyo maana wajenzi wa kayaki wanaupenda. Tazama uso wa ufito: mistari iwe myembamba, imenyooka, inakwenda sambamba. Ukiona michoro mipana kama ndimi za moto, weka kando. Msasa utakula sehemu laini na kuiacha migumu imeinuka, na ukishapaka epoksi, ile gundi ya maji inayokauka na kung'aa, kila anayepita ataona mawimbi.

Mzee mmoja wa kaunta alinifungua macho. Ubao wenye michoro hiyo mipana usoni, ukiupasua fito za milimita 6, ubavu wake ndio unageuka uso wa ufito, na ubavuni mistari imenyooka. Kwa hiyo mwenye msumeno wa meza asihangaike na mbao za bei kali.

Rangi zinatoka hudhurungi iliyokolea hadi ya majani makavu. Beba kitambaa chenye maji upanguse. Rangi itakayotokea inakaribia ile utakayoiona chini ya faibaglasi, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa epoksi juu ya mbao. Wanakuruhusu kuchambua uwanjani bila kukununia. Mimi nachagua fito zilizotoka ubao mmoja, nusu kwa kulia nusu kwa kushoto, sitaha ilingane.

Fito ndefu za futi 18 sizinunui. Bei yake haina huruma, na ukiunga fito fupi, kiungo cha mshazari, yaani ncha mbili zilizokatwa kimshazari na kugundishwa, kikikatwa vizuri hakionekani.

Ukienda kupasua, vaa barakoa ya maana. Vumbi la mwerezi huu linaleta pumu, na pale dukani nimewaona vijana wanasimama kwenye msumeno pua wazi. Nendeni katikati ya wiki, Jumamosi uwanja unajaa wakandarasi, na mbebe blanketi kuukuu la kukingia zile kingo juu ya gari.