Bangili ya sumaku kwa wakimbiaji: nimeivaa, nimeipima, haya ndo majibu

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo ni hii hapa, bangili ya sumaku, ngoja niisogeze kwenye kamera muione vizuri. Mmeniulizia sana hii kitu hasa nyie wa vikundi vya jogingi, maana siku hizi ukipita Daraja la Tanzanite alfajiri unakuta watu wameivaa, ukiuliza unaambiwa inasukuma damu, inaondoa uchovu, inaongeza balansi, mpaka presha inashusha. Mimi nilikuwa siamini tangu mwanzo, nawaambia ukweli, ila kutokuamini bila kupima nako sio haki, ndo maana nimeinunua kwa hela yangu nikaanza kukimbia nayo.

Haya tuiangalie. Hiki ni chuma kisichoshika kutu, kizito kiasi, na huku kwa ndani kila pingili ina kiduara cheusi, hizo ndo sumaku zenyewe. Ona nikisogeza pini, inanasa. Sasa naweka karatasi nimeikunja mara kadhaa hapa katikati, ona, pini imeanguka. Kwa hiyo sumaku ipo kweli, hapo hawajadanganya mtu, lakini nguvu yake inaishia hapohapo karibu. Kifungio kiko imara, unakimbia hakifunguki, ila jasho likianza kutoka inateleza na zile pingili zinavuta vinyweleo, inauma.

Wauzaji wanasema damu ina madini ya chuma, kwa hiyo sumaku inaivuta inatembea haraka. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini kabisa. Lakini chuma cha kwenye damu kimefungwa ndani ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, hakinasi kwenye sumaku kama msumari. Na fikiria ile mashine ya MRI ya hospitali, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 mpaka 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mtu analala humo ndani muda mrefu tu na damu inatembea kama kawaida, wakati sumaku ya kubandika kwenye friji ni kama tesla 0.005 hivi. Sasa haka kaduara kataisukuma wapi?

Kinachowauzia ni lile jaribio la mkono, na hapa naomba mtulie maana ndo penyewe. Muuzaji anakwambia simama kwa mguu mmoja, nyoosha mkono pembeni, anaubonyeza, unayumba. Anakuvalisha bangili, anabonyeza tena, umesimama imara, watu wanapiga makofi. Angalia kidole chake kinapokaa. Mara ya kwanza anabonyeza huku mwishoni karibu na vidole na anavuta kidogo kwenda nje, lazima uyumbe. Mara ya pili anabonyeza karibu na kiwiko na anasukumia kuja kwenye mwili wako, unabaki palepale, na wewe mwenyewe ushajua kinachokuja umeshajikaza. Nimemfanyia jirani yangu hivyohivyo bila bangili yoyote, kayumba, halafu kasimama.

Kwenye kukimbia nilimwomba huyohuyo jirani anifungie mkononi bandeji, ndani aweke ama hii ama bangili ya chuma tupu, asiniambie ipi. Njia ileile, viatu vilevile, saa inarekodi. Tulipokuja kulinganisha, siku nilizokimbia vizuri ni zile nilizolala vya kutosha na joto la Dar halijapamba moto, bangili ilikuwa haina habari. Misuli iliuma vilevile.

Na sio mimi peke yangu. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha majibu ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa bangili za sumaku na za shaba, wakazilinganisha na za kuzugia, maumivu hayakuwa na tofauti ya maana. Na zile bangili za mpira za Power Balance zenye stika ya hologramu, zilizouzwa kwa ahadi hiyohiyo ya kuongeza balansi, mnazikumbuka? Desemba 2010 huko Australia kampuni ilibanwa na mamlaka ya kulinda walaji mpaka ikakiri hadharani kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, na ikaahidi kurudisha hela za watu.

Kinachoniuma zaidi sio hela, ni presha. Kuna mama kwenye kikundi chetu nimemsikia kwa masikio yangu akisema amepunguza vidonge kwa sababu ameshavaa bangili. Jamani, hapana! Presha inapanda kimyakimya, hausikii kitu, halafu unaanguka na kiharusi. Kama mzazi wako ameambiwa hivyo na wakala yeyote, leo hii mpeleke akapimwe presha na arudi kwenye dawa zake kama daktari alivyomwandikia.

Kama unaipenda kama urembo, ivae, inapendeza. Ila mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, sumaku yoyote ikae mbali nacho angalau sentimita 15, kwa hiyo usilale umeweka mkono wenye bangili kifuani, na kabla hujaivaa muulize kwanza daktari wako wa moyo.